Nanasi la leo: juisi nzuri huanzia shambani Kiwangwa

Nanasi likishatengana na mche wake, haliongezi utamu hata chembe. Waweza kuliweka kibarazani wiki nzima, ganda likageuka njano na nyumba yote ikanukia, lakini sukari iliyomo ni ileile iliyokuwamo siku panga lilipopita. Ndizi haiko hivyo. Ndizi hukatwa mbichi ikiwa imejaa wanga, na ikivundikwa wanga ule hugeuka sukari. Embe nalo, likikatwa likiwa limekomaa, hukamilisha kazi yake ndani ya tenga. Nanasi halina akiba hiyo ya wanga. Sukari yake yote huletewa na majani ya mche, na sehemu kubwa ya sukari hiyo huingia katika wiki za mwisho kabla ya kuvunwa.

Jambo hilo moja huamua juisi yako itakuwaje, kabla hujagusa kisu wala blenda. Hata hivyo, tunapofundishana kutengeneza juisi nyumbani, karibu kila mara tunaanzia jikoni: sukari vijiko vingapi, maji majagi mangapi, tangawizi itiwe lini. Leo tuanzie Kiwangwa, kwa sababu huko ndiko juisi yenyewe huanzia, na huko ndiko tunda tamu kuliko yote hukosa mnunuzi.

NJIA YA MSATA

Kiwangwa ni kata ya mkoa wa Pwani, katika wilaya ya Bagamoyo, upande wa Halmashauri ya Chalinze. Ukitoka Bagamoyo mjini unashika barabara ya lami ya Msata, yenye urefu wa kilomita 64. Unavuka Mto Ruvu na kupita Makurunge, ambako miwa ya kiwanda cha Bagamoyo Sugar imetanda bondeni. Kisha ardhi inapanda taratibu, udongo unakuwa wa kichanga, na mananasi yanaanza kuonekana: kwanza mistari ya majani magumu yaliyochongoka mashambani, halafu matunda yenyewe, yamepangwa mafungu kando ya barabara, makubwa kwa makubwa na madogo kwa madogo.

Barabara hiyo inafaa kutazamwa vizuri, maana ndiyo inayoamua nanasi litakatwa lini. Upande mmoja inashuka Bagamoyo na kuelekea Dar es Salaam. Upande wa pili inafika Msata na kuungana na barabara kuu ya kwenda Tanga, Moshi na Arusha, na kutoka huko mzigo huweza kuvuka mpaka kuingia Kenya. Nanasi la Kiwangwa lina safari mbili, fupi na ndefu, na kila safari inataka tunda la aina yake.

Zao lenyewe linaipenda ardhi hii. Nanasi linataka udongo usiotuamisha maji, wenye uchachu kidogo, na jua la kutosha. Aina iliyoenea zaidi Kiwangwa ni Smooth Cayenne, yenye majani yasiyo na miiba mingi na nyama ya njano iliyojaa maji. Mche wake una desturi isiyo ya kawaida: hufunga vinyweleo vya majani mchana wa jua kali na kuvifungua usiku kuvuta hewa, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Ndiyo maana huvumilia kiangazi ambacho mahindi hayakivumilii. Ni mgeni aliyezoea kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na mabaharia wa Kireno ndio waliolisambaza pwani za Afrika na Asia katika karne ya 16.

Lakini mgeni huyu hana haraka. Mkulima akipanda chipukizi leo, atavuna baada ya mwaka mmoja na nusu, na akipanda kishungi kile cha majani kilichokatwa juu ya tunda, huenda akasubiri miaka miwili. Katika muda huo atapalilia mara nyingi, tena kwa taabu, kwa sababu kutembea katikati ya mistari ya mananasi ni kutembea kati ya ncha za majani. Mche mmoja huzaa tunda moja kwa mkupuo. Ukishavunwa, machipukizi yake huendelea na kutoa mavuno ya pili, ambayo matunda yake kwa kawaida huwa madogo zaidi.

Halafu huja msimu. Mavuno makubwa huangukia mwishoni mwa mwaka, wakati uleule ambao maembe nayo yamefurika sokoni. Bei huporomoka. Mwenye lori la Fuso anayepakia kwa ajili ya soko la mbali anataka tunda gumu litakalostahimili joto, kurundikwa na siku kadhaa za njiani. Simlaumu, kwa sababu kila nanasi linalooza juu ya gari ni hasara yake. Lakini matokeo yake ni kwamba nanasi husafiri likiwa halijamaliza kupokea sukari yake, na lile lililobaki shambani hadi likaiva barabara, lenye utamu wa kweli, ndilo linalokosa gari. Litaliwa na wenye shamba, litauzwa kwa bei ya kutupa barabarani, au litaozea pale pale.

Hapa ndipo jagi la nyumbani linapoingia. Anayetaka kukamua juisi jioni hii hahitaji tunda la kustahimili safari. Anahitaji hasa lile ambalo lori limelikataa.

LA LEO AU LA KESHO?

Wauza matunda wengi wa Pwani na Dar es Salaam watakuuliza swali fupi kabla ya kuchagua: unataka la leo au la kesho? Ni swali la kitaalamu kuliko linavyosikika. Kwa parachichi, la kesho ni sawa na la leo ukiwa na subira. Kwa nanasi, la kesho litalainika na kubadilika rangi, lakini halitakuwa tamu zaidi. Kwa hiyo jibu la mtu wa juisi liwe moja siku zote: “La leo, kaka. Lililoiva kabisa.”

Rangi isikudanganye. Zipo dawa za kugeuza ganda kuwa njano bila kuongeza sukari ndani, na kwa upande mwingine nanasi la nyanda za joto huweza kuwa na utamu kamili huku mabegani bado lina ukijani. Tazama kitako. Nanasi huanza kuiva chini na kupanda juu, kwa hiyo njano inayoanzia kwenye kitako na kupanda sawasawa ni dalili njema kuliko njano ya mabaka. Tazama macho yake: yakitanuka na kuwa bapa, tunda limekomaa, yakibaki madogo yamechongoka, limekatwa mapema. Linyanyue, maana la juisi huwa zito kuliko ukubwa wake. Mwisho linuse kitako. Harufu ikiwa tamu na wazi, chukua. Ikiwa hakuna harufu yoyote, liache. Ikiwa ina ukali wa kilevi, limeanza kuchachuka ndani.

Usipuuze yale madogo ya mavuno ya pili, ambayo muuzaji huyaweka fungu la pembeni kwa bei nafuu. Mteja wa mezani huyaona duni kwa sababu hayajai sahani. Wewe unatafuta maji yaliyomo, na udogo wa tunda hauondoi utamu wake. Hata lililochubuka upande mmoja linafaa, mradi ulikate siku hiyohiyo na kuondoa kwa ukarimu sehemu iliyolainika. Lenye ukungu au maji yanayotoka yenyewe, usilichukue hata ukipewa bure.

Ukinunua baada ya mvua kubwa, tarajia juisi nyepesi kidogo. Mche unaokunywa maji mengi wakati tunda linaiva hutoa nanasi lenye sukari iliyozimuliwa tayari. Katika siku hizo ndipo busara ya kutoongeza maji inapohitajika zaidi.

KISU BAADA YA MAJI

Kosa linalorudiwa jikoni ni kumenya kwanza na kuosha baadaye. Ganda la nanasi limelala juu ya udongo, limepita mikono ya wavunaji, wapakiaji na wachuuzi, na macho yake yana vishimo vinavyohifadhi vumbi na mabaki ya dawa za shambani. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu huingiza uchafu huo kwenye nyama. Osha nanasi zima, na kishungi chake, kwa brashi na maji safi yanayotiririka, ndipo ukate. Osha pia mikono, ubao, kisu na kila kipande cha blenda, hasa chini ya visu vyake ambako mabaki ya jana hujificha.

Maji yenyewe ndiyo habari kubwa zaidi ya usalama wa juisi. Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani, tulikumbushwa kwa machungu kwamba kinywaji kisichopikwa ni salama kadiri ya maji yaliyotiwa ndani yake. Chemsha maji hadi yatokote sawasawa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Na barafu ni maji pia: iliyogandishwa kwa maji ya bomba yasiyochemshwa hubeba vimelea vilevile vilivyokuwamo, maana baridi haiviui kama moto unavyoviua. Familia nyingi huchemsha maji ya kunywa kwa uangalifu, kisha humalizia juisi kwa barafu ya kununua. Hapo kazi yote imeharibika.

Sasa menya. Kata kishungi na kitako, simamisha tunda, shusha kisu pembeni ukiondoa ganda jembamba tu. Macho yatabaki. Yatoe kwa kuchimba mifereji ya mshazari, maana yamejipanga kwa mzunguko, na njia hiyo huacha nyama nyingi kuliko kukata ganda nene. Karibu nusu ya uzito wa nanasi ni kishungi, ganda na moyo mgumu wa katikati, kwa hiyo kila milimita unayoiokoa ni kinywaji. Na maganda usiyatupe. Tutayahitaji baada ya muda mfupi.

KUKAMUA BILA KUZIMUA

Nanasi bivu lina maji kiasi cha asilimia 86. Halihitaji maji yako. Katakata vipande vidogo, tanguliza kwenye blenda vile vya kitako ambavyo ni laini na vitamu zaidi, washa kwa mwendo wa polepole, sukuma vipande kwa mwiko baada ya kuzima mashine, na washa tena. Ndani ya dakika moja maji ya tunda lenyewe yatatosha kuzungusha vingine. Ongeza vya juu vilivyobaki. Moyo wa katikati nao waweza kusagwa ikiwa mashine ina nguvu. Kama haina, uweke pamoja na maganda.

Umeme ukikatika, juisi haikatiki. Kwaruza nanasi kwenye kikwaruzio cha karoti, au liponde kidogo kidogo kwenye kinu kilichooshwa ambacho hakitumiki kwa vitunguu saumu. Tandaza kitambaa safi cha pamba juu ya bakuli, mimina, kusanya ncha, kamua kwa mkono. Juisi ya namna hii huwa na povu pungufu kuliko ya blenda, kwa sababu visu vya mashine huingiza hewa nyingi.

Kuchuja au kutochuja ni hiari, lakini fahamu unachokitoa. Zile nyuzi ndizo zinazopunguza kasi ya sukari kuingia mwilini. Tumia kichujio chenye matundu makubwa kiasi, kipitishe unga laini wa nyama na kuzuia nyuzi ngumu tu. Iache juisi ndani ya jagi dakika 10 povu lipande, lienguliwe kwa kijiko, kisha onja kabla ya kuongeza kitu chochote. Naomba hatua hii isirukwe. Wengi hutia sukari kwa mazoea, kabla ulimi haujaulizwa.

Mazoea hayo yana asili yake, na ni asili ya heshima. Pwani yetu ina vinywaji vya kale vya matunda makali na makavu: ukwaju unaolowekwa na kuvurugwa, ubuyu unaopikwa, mabungo ambayo kokwa zake za rangi ya machungwa hufikichwa kwenye maji na kuchujwa, ndimu, na rozela inayochemshwa mpaka iwe nyekundu kama damu. Hayo hayanyweki bila maji na sukari. Yalitufundisha kanuni moja: tunda, maji, sukari. Ilipofika zamu ya nanasi, tikiti na embe, tukaipeleka kanuni ileile kwenye matunda ambayo yana maji na sukari yake tayari. Nanasi la kukatwa bichi likaizidisha, kwa sababu ladha yake kali iliomba kusaidiwa. Hivyo gilasi ya juisi ikawa maji ya sukari yenye harufu ya nanasi, na mkulima aliyengoja mwaka na nusu akawa ameuza harufu tu.

Ukiona juisi ni nzito mno, zimua kwa maji ya maganda. Chukua maganda yaliyooshwa na moyo wa nanasi, tia sufuriani na maji ya kufunika, kipande cha tangawizi kilichopondwa, kijiti cha mdalasini au fundo la mchaichai. Chemsha kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30, funika, acha ipoe, chuja. Maji haya yana rangi, harufu na uchachu wa nanasi, na yamekwisha kuchemka, kwa hiyo ni salama. Kikombe kimoja katika jagi kinatosha kuilainisha juisi bila kuipotezea ladha. Yaliyobaki hunywewa ya moto kama chai. Mabaki ya maganda yampe mfugaji wa jirani au yarudishe kwenye shimo la mboji.

WANAOPATANA NA NANASI

Tangawizi ndiyo mwenzake wa kwanza. Ikwaruze, ikamue kwenye chujio, na utie maji yake kijiko kwa kijiko, badala ya kusaga kipande kizima ambacho utashindwa kukitoa kikizidi. Pasheni huipa juisi ya nanasi harufu ya juu na uchachu mzuri. Mbegu zake zivurugwe kwa kijiko na kuchujwa, kwa sababu zikisagwa kwa nguvu huacha ukakasi. Embe dodo lililoiva huifanya juisi iwe nzito na ya kushibisha, nayo hufaa kwa futari. Majani machache ya mnanaa yapondwe kwa mkono, yatiwe mwisho. Chembe ya chumvi, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, huushusha uchachu na kuuinua utamu. Ijaribu kabla hujafungua mkebe wa sukari.

Maziwa ni habari nyingine. Nanasi lisilopikwa lina vimeng'enya viitwavyo bromelaini, ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja protini. Ndivyo vinavyochoma ulimi ukila nanasi jingi, na ndivyo vinavyolainisha nyama iliyolowekwa kwenye juisi yake kabla ya kuchomwa. Ukichanganya juisi ya nanasi isiyopikwa na maziwa au mtindi, vimeng'enya hivyo huanza kazi palepale, maziwa hukatika, na baada ya muda mchanganyiko huwa mchungu. Dawa yake ni moto: nanasi lililochemshwa na kupoa limepoteza nguvu hiyo, nalo hukaa na maziwa kwa amani. Kama hutaki kulipika, tumia tui la nazi bivu, ambalo protini yake ni kidogo, na unywe mara moja.

GILASI NGAPI?

Juisi ya nanasi isiyoongezwa kitu bado ina sukari. Gilasi ya mililita 250 hubeba takriban gramu 25, sawa na vijiko sita vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile tunayotia kwenye chai, na linashauri isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Ikishuka hadi nusu yake, ni bora zaidi. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini kijiko cha ziada ni hasara mara mbili: kinaharibu ladha na kinapunguza fungu la siku nzima.

Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, juisi haifai kabisa, hata hii ya nyumbani. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa ushauri huo mwaka 2017, na kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu wakaweka kikomo cha takriban mililita 120 kwa siku. Mtoto anayeweza kutafuna apewe kipande cha nanasi chenye nyuzi zake. Mwenye kisukari naye aongozwe na daktari wake, na ashike kipande kabla ya gilasi.

Sisemi haya ili kumnyang'anya mtu starehe. Nanasi lina vitamini C nyingi, takriban miligramu 48 katika kila gramu 100 za nyama yake, na gilasi moja ya juisi safi baada ya kutwa ya jua ni neema. Nasema ili gilasi hiyo iwe moja iliyo kamili, badala ya tatu zilizozimuliwa.

IKIBAKI

Juisi mbichi haina subira. Kwenye joto la Pwani inywewe ndani ya saa mbili. Kwenye friji, ikiwa kwenye chombo cha kioo kilichofunikwa na kujazwa hadi karibu na mdomo, huvumilia siku mbili, tatu. Kujigawa tabaka mbili si kuharibika, itikise tu. Kutoa mapovu yenyewe na kupata harufu ya kilevi ndiko kuharibika. Njia nyepesi ya kuiweka muda mrefu ni kuigandisha kwenye vyombo vya barafu: vipande hivyo baadaye hutumika badala ya barafu ya maji, na gilasi haizimuki.

Wakati wa wingi wa msimu, mwenye mananasi mengi anaweza kuhifadhi kwenye chupa za kioo. Uchachu wa nanasi humsaidia, kwa kuwa vimelea hatari zaidi vya vyakula vya kufungwa havistawi katika uchachu kama ule. Chupa na vizibo vichemshwe dakika 10. Juisi iliyochujwa vizuri ipashwe moto taratibu huku ikikorogwa, hadi nyuzijoto 80 hadi 85, ibaki hapo dakika chache bila kutokota. Mimina ingali ya moto hadi karibu na mdomo, ziba, laza chupa kwa dakika chache ili joto lifike kwenye kizibo, kisha iache ipoe. Chupa za plastiki za kawaida hazifai, kwani hunywea kwa joto. Ladha itakuwa ya kupikwa kidogo na vitamini C itapungua. Ikifunguliwa, iwekwe kwenye friji kama juisi mbichi.

Anayetaka kuuza asiishie kwenye sufuria ya nyumbani. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji wa matunda, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Vikundi vya kina mama vijijini vimeanzia ngazi kama hizo, na hakuna sababu chupa ya juisi ya Kiwangwa isionekane kwenye duka la Kiwangwa.

MNUNUZI ANA SAUTI

Tumezoea kuona tatizo la mananasi kama jambo la viwanda. Viwanda vinahitajika kweli. Mkoa wa Pwani umepata cha Sayona Fruits pale Mboga, Chalinze, na cha Bakhresa kule Mwandege, Mkuranga. Lakini kiwanda hununua kwa tani, kwa ratiba yake na kwa bei ya jumla. Hakiwezi kununua nanasi moja lililoiva jana mchana, na mkulima mwenye ekari moja ana mengi ya namna hiyo.

Kaya zinaweza. Dar es Salaam iko karibu kiasi kwamba nanasi lililokatwa Kiwangwa alfajiri huweza kuwa kwenye soko la Buguruni au la Mabibo siku hiyohiyo. Bagamoyo iko karibu zaidi. Safari fupi kama hiyo haina haja ya tunda bichi. Mazoea ya kukata mapema yametokana na safari ndefu, yakahamia hata kwa mzigo wa safari fupi kwa sababu sisi wanunuzi wa mjini tumekubali kuchagua kwa ukubwa na ugumu, kisha tukarekebisha kwa sukari nyumbani. Maadamu tunalipa bei ileile kwa nanasi lililoiva na lisiloiva, mchuuzi hana sababu ya kuhangaika na lililoiva, ambalo ni rahisi kuoza mikononi mwake.

Basi tubadilishe tunacholipia. Mwambie muuzaji wako wa kila wiki kwamba unataka la kukamua siku hiyohiyo, na kwamba utamwongezea kidogo likiwa limeivia shambani. Lipa kweli. Rudi wiki ijayo umwambie lilikuwaje. Ukipita njia ya Msata, simama penye mafungu, chukua yale yaliyoiva ambayo hayatafika kesho, na usibishane sana bei ya tunda lililongojewa mwaka na nusu. Nunua mengi kwa pamoja na jirani zako, mkamue jioni moja, mgawane chupa. Wateja wa namna hii wakiwa wengi, mkulima atakuwa na sababu ya kuacha sehemu ya shamba lake ifikie utamu wake wote kabla ya panga kupita. Pesa ya sukari ambayo hutainunua tena yatosha kumlipa.